Shirikisho la Afrika Mashariki: kabla ya rais mmoja, tuambiwe nani atashika pesa ya forodha

Mvuja Jasho (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila marais wetu wakikutana Arusha, neno shirikisho linarudi mezani, na sisi huku tunagawanyika pande mbili zilezile: wale wa "Waafrika ni wamoja" na wale wa "Wakenya watatumaliza". Pande zote mbili zimenichosha. Mimi sipingi kuungana, na Mkenya simwogopi. Ninachouliza ni swali la kihasibu: pesa atakusanya nani, itagawanywaje, na anayetaka kutoka atatokaje? Tangu 1963 halijajibiwa, na hapohapo ndipo shirikisho hukwama.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili Kenya na Uganda nazo zipate, tuingie kwenye uhuru tukiwa nchi moja. Tarehe 5 Juni 1963, yeye, Kenyatta na Obote wakatoa tamko Nairobi kwamba shirikisho litaundwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha. Uganda ndio walioanza kusitasita: ufalme wa Buganda utakaa wapi, mambo ya nje yatakuwa chini ya nani, viti vyetu Umoja wa Mataifa vitabaki? Wapo waliowaona wasaliti. Kwangu mimi walikuwa wanauliza bei, jambo ambalo mnunuzi yeyote mwenye akili hulifanya.

Sasa kuna jambo vijana wengi hawalijui. Wakati ule tulikuwa tumeungana kuliko leo! Shilingi ilikuwa moja. Reli moja, posta moja, shirika la ndege moja, na kuanzia 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kimoja chenye vyuo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Leo tukizindua kituo cha pamoja cha mpakani tunakata utepe na kupiga ngoma, wakati babu zetu walitumia noti ileile Kampala na Tanga. Halafu yakaanza kupukutika: 1966 kila nchi na sarafu yake, 1970 chuo kikagawanywa, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa Amin. Ni kweli kwamba Amin alipopindua Januari 1971 Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, na mamlaka ya marais watatu ikawa jina tu. Lakini ugonjwa ulikuwepo zamani. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, karakana kubwa ya reli Nairobi, makao makuu ya karibu kila kitu Nairobi. Mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya hiyo ulijaribu kutibu: makao makuu ya bandari yakaja Dar, ya posta yakaenda Kampala, na Tanzania na Uganda zikaruhusiwa kutoza kodi maalumu bidhaa za Kenya ili viwanda vyao vipumue. Haikutosha. Mashirika yalipoanza kubanwa, mapato yaliyokusanywa nchi moja yakawa hayapelekwi makao makuu. Kila mmoja akakalia chake. Shirika la ndege likasimama mwanzoni mwa 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya Februari mwaka huohuo, na haukufunguliwa hadi 1983. Mali na madeni vilikuja kugawanywa kwa makubaliano ya Mei 1984, baada ya Mswisi Victor Umbricht kusuluhisha kwa miaka.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999, na safari yake imeandikwa ibara ya 5: umoja wa forodha, soko la pamoja, sarafu moja, mwisho shirikisho la kisiasa. Forodha 2005. Soko la pamoja 2010. Itifaki ya sarafu ilisainiwa 2013 ikilenga 2024, sasa tunaambiwa 2031. Shirikisho nalo: kamati ya Amos Wako ya 2004 ilipendekeza liwe limesimama 2013. Wananchi walipoulizwa 2006 na 2007, Watanzania wengi walisema umoja sawa, haraka hapana, na mkutano wa Agosti 2007 ukaachana na haraka hiyo. Mwaka 2017 viongozi wakashusha lengo, tuanze na muungano wa nchi zinazobaki na mamlaka zao, wataalamu waandike rasimu ya katiba.

Hatua ya kwanza kwenye orodha hiyo, forodha, haijakamilika mpaka leo. Chukua Gazeti Rasmi la Jumuiya linalotoka kila mwisho wa Juni, baada ya bajeti. Kurasa kwa kurasa za nchi kujitoa kwenye ushuru wa pamoja kwa mwaka mmoja: huyu kaomba mchele wake utozwe tofauti, yule chuma, yule nguo. Tumekubaliana ushuru mmoja halafu kila Juni tunaombeana ruhusa ya kutoufuata. Watu hawa ndio wanataka waandike katiba moja?

Na kwa Watanzania, sampuli tunayo nyumbani. Tanganyika na Zanzibar ziliungana 26 Aprili 1964, kwa Hati yenye mambo 11 ya Muungano. Leo orodha kwenye Katiba ina 22. Nchi mbili tu, lugha moja, watu waliooana kabla mkoloni hajafika. Ibara ya 133 inataja akaunti ya fedha ya pamoja na ibara ya 134 tume ya kushughulikia mgawanyo, lakini suala hilo limekaa kwenye orodha ya kero za Muungano miaka nenda rudi. Tume ya Nyalali, Kamati ya Kisanga, Tume ya Warioba, zote zilipita kwenye swali la serikali tatu, na Bunge Maalum la 2014 likarudi kwenye mbili. Kama wawili hatujamaliza hesabu ndani ya miaka 60, wanane tutazimaliza lini?

Pendekezo langu ni dogo. Kuna umoja wa forodha kusini mwa Afrika, SACU, ulioanza 1910: Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Eswatini na Namibia. Ushuru unaingia mfuko mmoja na kugawanywa kwa kanuni iliyoandikwa. Wanalalamikiana kila siku, ndiyo, lakini mfuko upo, na hakuna aliyelazimika kumpigia kura rais wa mwenzake. Tuanze hapo. Mombasa na Dar, mfuko mmoja, kanuni moja, miaka 10 bila misamaha ya Juni. Na iandikwe tangu mwanzo namna ya kutoka. Tukiweza hilo, niiteni kwenye kura ya shirikisho, nitawahi foleni alfajiri.

Nawasilisha.

---

Mtoto wa Lolwe

Mkubwa, mimi ni Mkenya wa Kisumu, na nakubaliana na wewe nusu. Hiyo nusu ingine umeiruka. Unasema humwogopi Mkenya, lakini Julai 2025 serikali yenu ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: kutengeneza simu, saluni, uwakala wa pesa za simu, kuongoza watalii. Mwenye kukamatwa ni faini au jela. Hawa si matajiri wa Nairobi, ni vijana wa kawaida wenye kioski Namanga ama Arusha. Na kabla ya hapo, 2017, mlichoma vifaranga vyetu 6,400 pale Namanga, vikiwa hai. Hapo shida si kanuni ya kugawa mapato, shida ni roho.

Mvuja Jasho (mleta mada)

Mtoto wa Lolwe, vifaranga hata mimi viliniuma, sitavitetea. Ila Machi 2021 nyinyi ndio mlizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ghafla, malori yakiwa barabarani, kisha siku chache baadaye mkalegeza kwa masharti. Ukisema roho, basi roho hiyo imegawanywa sawasawa.

Kuhusu amri ya 2025, iliandikwa kwa sababu wapo waliolalamika kuwa wageni, hasa wa kutoka Asia, wamejaa Kariakoo kwenye biashara ndogondogo. Jirani kaumia humohumo kwa kuwa hakuna aliyekaa kumtenganisha. Ndiyo maana nasema andikeni kwanza.

Bandari ya Malindi

Mie wa Unguja, naomba nitie neno, maana mleta mada kapita juu juu kwenye letu.

Mtu kanunua televisheni Darajani, kaifunga vizuri kwenye boksi, kapanda boti. Akishuka Dar anaulizwa risiti, anaambiwa kuna tofauti ya ushuru alipe. Anasema mimi natoka Tanzania naingia Tanzania. Anaambiwa simama pembeni. Boksi linafunguliwa, linageuzwa, linapigwa kalamu, yeye kasimama na mtoto mkononi. Haya ndani ya nchi moja yenye wimbo mmoja! Wakubwa wamekuwa wakisema yamerekebishwa, yanarudi kwa sura nyengine. Sasa mnataka kunambia mzigo wa kutoka Juba utapita bila kuguswa?

Jengine. Jumuiya inashughulika na kilimo, utalii, afya, na kwa Katiba yetu hayo si mambo ya Muungano, Zanzibar ina wizara zake. Lakini Arusha tunakwenda kwa mgongo wa Serikali ya Muungano. Ndiyo maana wapo wenzangu wanaolitaka shirikisho kuliko nyie wa bara: wanasema likija, Zanzibar iingie kwa kiti chake, iwe sawa na Rwanda au Burundi. Mzee Karume ananasibishwa na msemo kwamba Muungano ni kama koti, likikubana unalivua. Kwenye karatasi lakini vifungo vya kuvulia havipo. Hapo nakuunga mkono mleta mada mia kwa mia.

Kijiwe cha Kati

Nyie mnajadili forodha, mimi nauliza timu ya taifa. Zanzibar iliingia CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, Julai ikatolewa, kisa si nchi. Shirikisho likija, nchi nane ni timu moja. AFCON 2027 tunaandaa na Kenya na Uganda, tukiwa shirikisho mwenyeji ni mmoja na nafasi ya mwenyeji ni moja. Kocha achague kipa mmoja toka Congo mpaka Somalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vitaanzia hapo.

Somo la Uraia

Nacheka lakini nirudi kwenye mada, maana hoja ya mleta mada ina tundu kubwa.

Yeye anasema uchumi kwanza, siasa baadaye. Ndugu yangu, historia uliyoiandika mwenyewe inasema kinyume! Mwaka 1963 tulikuwa na sarafu moja, reli moja, posta moja. Uchumi kwanza ulikuwepo tayari, umerithiwa, unafanya kazi. Kilichokosekana ni serikali moja yenye bunge moja la kuamua kiwanda kiende wapi na hasara abebe nani. Kwa kuwa haikuwepo, kila waziri wa fedha aliangalia wapiga kura wake, na hakuna wa kumlaumu. Mwalimu alilisema: tukishaonja bendera, nyimbo na mabalozi, kuungana kunakuwa kugumu. Kila mwaka unaopita tukisubiri "uchumi ukomae", wanaofaidika na mipaka wanaongezeka.

SACU uliyoitaja inawezekana kwa sababu Afrika Kusini ni kubwa kuliko wengine wote wakijumlishwa na inakubali kugharamia utulivu wa majirani zake. Hapa kwetu mkubwa wa namna hiyo ni nani? Kenya haina pesa hizo, Tanzania haina, Congo ina madini lakini haina amani. Bila mkubwa wa kulipa, kinachobaki ni bunge lenye mamlaka ya kutoza kodi. Hilo la Arusha kila nchi inapeleka wabunge 9, Burundi sawa na Congo, na uwezo wa kutoza hata senti halina. Michango ya nchi wanachama yenyewe inachelewa kila mwaka.

Mvuja Jasho (mleta mada)

Somo la Uraia, hii ndiyo michango niliyokuwa naisubiri. Lakini ukisema siasa kwanza, nakurudisha 1964. Pale ilikuwa siasa kwanza kabisa: Hati ikasainiwa 22 Aprili, siku nne baadaye nchi ikawa moja, hesabu tutaona mbele. Hesabu ndizo hizo Bandari ya Malindi anasimulia.

Na Somalia, mwanachama wetu mpya wa 2024, ina funzo kali zaidi. Somaliland ilipata uhuru kwa Mwingereza 26 Juni 1960, na 1 Julai ikaungana na ile ya Mwitaliano. Siku tano! Hata sheria za kuungana zilizopitishwa pande mbili hazikufanana maneno. Mwaka 1961 kura ya maoni ya katiba ikakataliwa na wengi waliopiga kura kaskazini, na baada ya vita kali, Mei 1991 kaskazini ikatangaza kujitenga. Wasomali wana lugha moja, dini moja. Kilichowashinda si undugu.

Behewa la Nyuma

Wajukuu zangu, mimi nilikuwa mfanyakazi wa reli ya Jumuiya. Sina haja ya vitabu kwa hili.

Kwenye Ziwa Victoria tulikuwa na meli mbili za kubeba mabehewa, za aina moja. Moja ikaitwa Umoja, nyingine Uhuru. Behewa linatoka Mwanza, linaingizwa melini kwa reli zilizolazwa sakafuni, linashuka Kisumu, injini ya Kisumu inalivuta. Hakuna mtu aliyefungua mzigo. Karani wa Mwanza aliandika, karani wa Kisumu alisoma karatasi ileile. Jumuiya ilipokufa, Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Na Victoria, ile ya abiria iliyokuwa ikizunguka ziwa lote, ikabaki kwetu, ikawa ya Mwanza na Bukoba.

Ninachotaka kumwambia huyo mwalimu wa uraia na mleta mada wote wawili: sisi wafanyakazi hatukuulizwa kuungana, hatukuulizwa kuachana. Tulisikia redioni. Mafao yetu yaligeuka kesi za mahakamani, wenzangu wengi wamekufa wanayafuatilia. Kwa hiyo mkiandika hiyo kanuni ya kutoka, mstari wa kwanza uwe wa pensheni. Majengo na ndege vitapata mtu wa kuvigombania, msiwe na shaka.

Kijiwe cha Kati

Shikamoo mzee. Hili la pensheni halimo kwenye rasimu yoyote niliyowahi kuisikia.

Kivu ya Kusini

Mimi ni mtu wa Bukavu. Ndugu zangu, mnazungumza televisheni na vifaranga, mna bahati.

Congo iliingia Jumuiya rasmi Julai 2022. Mwezi mmoja kabla, waasi wa M23 walikuwa wameshika mji wa mpakani wa Bunagana. Novemba jeshi la Jumuiya likaja, Desemba 2023 likaondoka, serikali yetu ikisema halikupigana. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikawa zamu yetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba askari wa Rwanda wako pamoja na M23, Kigali inakanusha. Wote wawili ni wanachama, bendera zao zinapepea Arusha jengo moja. Rwanda na Burundi nazo, mpaka umefungwa tangu Januari 2024.

Lakini msifikiri tunachukia umoja. Mama muuza samaki wa Bukavu alikuwa anavuka Ruzizi kwenda Kamembe asubuhi na kurudi jioni, na jirani yake Mnyarwanda hivyohivyo. Shirikisho la chini lilikuwepo, ni la juu ndilo linapigana. Kama mnaandika katiba, andikeni kwanza kwamba mwanachama akipeleka askari kwa mwenzake bila kualikwa, anasimamishwa siku hiyohiyo. Mkataba wa sasa unataja kusimamisha na kufukuza mwanachama. Nani amewahi kuguswa?

Somo la Uraia

Kivu ya Kusini, pole sana ndugu yetu. Swali lako ni zito, na unajua jibu: uamuzi wa marais unapitishwa kwa maafikiano, na ingawa kwenye kusimamisha au kufukuza kauli ya mtuhumiwa haihesabiwi, hakimu bado ni marais wenzake. Ndiyo maana narudia, bila chombo kilicho juu ya marais hatuendi popote.

Mtoto wa Lolwe

Turudi kwa pesa kidogo. Mleta mada, huo mfuko wako mmoja wa Mombasa na Dar tayari tuko na kitu karibu na hicho, tangu 2014. Mzigo wa Uganda unalipiwa ushuru kabla haujatoka Mombasa, maofisa wa Uganda wako hapo bandarini. Hii haitoshi kuanzia?

Mvuja Jasho (mleta mada)

Kinafanana kwa mbali tu. Pale bandari ni moja lakini madawati ni mengi: wa Uganda anakusanya cha Uganda, wa Rwanda cha Rwanda, wa Kenya chake. Mzigo umeharakishwa, hilo ni zuri, malori hayalali tena Malaba siku kadhaa kwa karatasi. Pesa lakini haijachanganyika hata shilingi moja, kila ofisa anahesabu ya kwao. Mfuko ninaousema ni ule ambao Mombasa wakikusanya, Kenya hairuhusiwi kuigusa mpaka kanuni igawanye, na Bujumbura wapate chao bila kupiga simu kuomba. Waziri gani wa fedha, Nairobi au Dodoma, atasaini hiyo mwaka wa uchaguzi? Huyo ndiye namtafuta. Akipatikana, Somo la Uraia anaweza kuanza kuandika bunge lake.